Vipande Vinane

Sina hakika kama mimi ndiye ninayefaa kuandika haya. Shule niliachia darasa la saba, na kazi yangu ni useremala. Lakini katika ile kazi tulikuwa watu watatu. Mmoja amekufa. Wa pili, dada wa studio, nilimwomba aandike yeye akasema hana la kuandika, yake yote yamo ndani ya kompyuta. Basi nimebaki mimi na madaftari yangu, ambayo nimeyaandika miaka mingi bila kumwonyesha mtu, na nikiyasoma naona mahali pengi nilijipendelea. Nitajaribu nisijipendelee hapa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu mmoja wa muziki, mama aliyestaafu hapa Nyeri, alitaka kurekodi vipande vyote vya kinanda vya Mfaransa mmoja aliyeishi karibu miaka mia tatu iliyopita. Alitaka vyote, asiache hata kimoja. Havikuwa vingi kama vya watunzi wengine wa wakati ule, vilitosha katika vitabu vinne vyembamba ambavyo Mwalimu alivifunga kwa karatasi ya kaki kama daftari za wanafunzi. Aliniambia ulimwenguni watu huchagua viwili au vitatu vile vile, vile vya kupigiwa makofi, na yeye mwenyewe amewafundisha wasichana hivyo viwili maisha yake yote ya kazi. Vingine vinakaa tu kitabuni. Alitaka, kabla hajaondoka duniani, awe amempa yule mzee nafasi ya kusema maneno yake yote.

Sikuelewa sana wakati huo. Nilielewa sehemu ya piano.

Piano ilikuwa katika ukumbi wa kanisa, ukumbi wa mawe wenye paa la mabati, na ni ya kusimama, si ile ya kulala yenye mkia. Kila mwaka alikuwa anakuja fundi kutoka Nairobi kuituni, akazeeka, akaacha kuja. Mwalimu akaniita mimi kwa sababu nilikuwa nimewatengenezea mabenchi. Akanipa ule ufunguo wa kukaza nyuzi, akanifundisha kusikiliza nyuzi mbili zikilia pamoja mpaka ule mtikisiko wa sauti unaofanana na maji kwenye karai utulie. Miaka kumi na miwili nimefanya hivyo. Nilikuwa namwita Mwalimu, na yeye ananiita Fundi, na sidhani tuliwahi kuitana kitu kingine.

Yule Mfaransa hakuwahi kuandikia piano kama hii. Chombo cha wakati wake, Mwalimu alisema, kinadonoa uzi kama kuku anavyodonoa, lakini piano ya siku hizi inaugonga kwa nyundo. Kwa hiyo lazima mchezaji awe na vidole vyepesi sana, maana nyimbo zile zimejaa mapambo, sauti ndogo ndogo za haraka zinazotetemeka juu ya sauti kubwa, na nyundo ikichelewa kidogo pambo linageuka tope.

Dada wa studio alitoka Karatina. Kazi yake ni kurekodi kwaya na waimbaji wa injili, na alikuwa anakuja kwetu Jumatatu asubuhi na maikrofoni zake mbili kwenye begi la mtoto la shule. Siku ya kwanza alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho kisha akauliza kwa upole, "Sasa Mwalimu, hii nyimbo korasi yake iko wapi?" Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Siku nyingine dada akamwambia kinanda chake cha umeme kiko na kitufe cha hiyo sauti ya kudonoa, mbona tusitumie hiyo, tuache kuhangaika na mabati na ndege. Ndege walikuwa shida kweli. Kuna kwarara walioamua kukaa juu ya lile paa, na kila kipande kizuri kilipokaribia mwisho walipiga kelele kama watu wanaogombania shamba. Mwalimu alijibu kwamba kitufe hakichoki, na mtu anayesikiliza lazima asikie kwamba kuna mtu aliyeweza kuchoka na hakuchoka.

Tulifanya hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kitabu cha kwanza kikaisha, cha pili, cha tatu. Ilipofika mwezi wa saba mwaka jana vilikuwa vimebaki vipande tisa vya kitabu cha nne. Vitano vya haraka, vinne vya polepole. Mwalimu alitaka kuanza na vya haraka. Alisema vya polepole atavila mwishoni kama mtu anayeachia nyama pembeni ya sahani.

Wanaoishi huku wanajua mwezi wa saba. Jua halionekani, ukungu unashuka hadi kwenye madirisha, nguo haikauki. Jumatatu moja Mwalimu alicheza amevaa koti na glavu zilizokatwa vidole. Kipande kilikuwa cha haraka, na mkono wa kushoto ndio ulikuwa na mapambo mengi. Akacheza. Mahali fulani sauti tatu hazikutokea. Akarudia. Zikatokea mbili, zikapotea nyingine. Alirudia mara nyingi, sikuhesabu, na dada wa studio akasema, "Mwalimu, hapo katikati sauti inaingia mitini."

Mwalimu akaweka mikono mapajani. Hakumtazama dada, alinigeukia mimi.

"Fundi, ni mimi au ni piano?"

Nilimwomba ainuke. Nikakaa kwenye kiti chake, nikabonyeza kibao kimoja kimoja kwa kidole changu hiki kinene, vyeupe na vyeusi, kutoka chini mpaka juu. Vibao viwili vya juu kabisa vilikuwa vizito kwa unyevu. Hivyo viwili karibu hakuvigusa kwenye kile kipande. Vile vya kushoto, vilivyokataa kulia, vyote vilishuka na kupanda sawasawa.

Na kuna jambo lingine nilijua. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeona kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kikijikunja chenyewe anapopumzika. Nilikuwa nimemwona akiangusha penseli, akaiokota, akaiangusha tena. Niliandika kwenye daftari: "Mwalimu mkono wa kushoto. Labda baridi." Sikuamini lile neno labda hata wakati naliandika.

Nikamwambia, "Ni piano, Mwalimu. Mbao imefura kwa hii baridi."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilimwonea huruma, hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba palikuwa na mtu wa tatu, na nilidhani si haki kumwambia mama mzee jambo kama hilo mbele ya mtu. Lakini ningeweza kumsindikiza hadi kwenye geti nikamwambia huko, na sikumsindikiza. Sababu ya tatu siipendi. Ikiwa ni piano, basi mimi naweza kuitengeneza. Ikiwa ni yeye, mimi sina kazi pale.

Uso wake ulilegea. Akafunga kitabu. "Basi tungoje," akasema. "Hakuna haraka. Wewe iangalie piano yangu." Dada akakunja nyaya zake, tukaagana.

Sasa ikawa nimesema piano ni mbovu, na lazima niifanye iwe mbovu kisha iwe nzima. Sijui kama ninaeleza vizuri. Namaanisha nilitaka neno langu liwe kweli. Vile vibao viwili vya juu vilikuwa vizito kweli, na nilijiambia nikikausha hivyo viwili nitakuwa sikudanganya sana.

Jumatano nikaenda ukumbini na majiko mawili ya makaa. Kila mtu huku hulea vifaranga kwa jiko. Unaweka jiko katikati, unazungushia kadibodi, unaziba madirisha kidogo, unakaa karibu uangalie joto lisizidi. Mke wangu amelea vifaranga hivyo miaka yote na hawafi. Na mimi kwenye karakana yangu nakausha mbao mbichi za saipras kwa moto wa maranda mvua ikinyesha. Kwa hiyo halikuwa wazo la mwendawazimu, au ndivyo nilivyoona. Nilifungua ubao wa chini wa piano, nikaivuta kutoka ukutani, nikaweka jiko moja mbele na moja nyuma, mbali kidogo kama hatua moja, nikazungushia kadibodi. Nikakaa kwenye benchi nikala mahindi ya kuchoma.

Baada ya saa tatu hivi nilijaribu vile vibao viwili. Vilikuwa vyepesi kama vipya. Nilifurahi, ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi sana, na nikaongeza makaa ili mambo yakamilike.

Jioni kabla ya saa kumi na moja nikasikia ta, moja tu, kama mtu amepasua njugu ya makademia kwa jiwe. Nilitazama nje kwanza. Halafu nikaenda nyuma ya piano. Ule ubao mkubwa wa nyuma, unaobeba sauti yote ya nyuzi, ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka karibu nusu. Ufa ulikuwa mwembamba, ungeweza kupitisha karatasi. Nikabonyeza kibao cha katikati, na piano ikalia na chini yake sauti nyingine, kama nyuki kwenye kopo.

Huenda ule ubao ungepasuka hata bila mimi. Piano ilikuwa kuukuu, na nilipoutazama vizuri baadaye niliona nyufa mbili za zamani zilizozibwa na mtu mwingine. Naandika hili kwa ajili ya haki, lakini silitumii kujitetea.

Kesho yake asubuhi nilienda kwa Mwalimu nikamwambia habari ya majiko, yote, na kadibodi. Lile la kwanza sikumwambia. Akasema, "Umeniatamishia piano, Fundi." Akacheka. Akaenda kunipikia chai, na niliona anashika sufuria kwa mkono wa kulia tu. Ingekuwa rahisi kama angenifokea.

Tulitafuta piano nyingine. Dada wa studio alipiga simu kila mahali anapojulikana. Kutus kulikuwa na moja kwa mtu binafsi, lakini panya walikuwa wamekula vitambaa vya nyundo zote. Shule moja upande wa Kiganjo ilikuwa nayo, imewekwa maua juu, na maji ya maua yalikuwa yameshuka ndani miaka na miaka. Kwa hiyo nikaamua kuziba ufa mwenyewe. Nilichonga kabari nyembamba ya mbao kavu, ndefu kama ufa, nikaipaka gundi, nikaisukuma ndani kidogo kidogo, nikaikwangua hadi ikalingana. Gundi haikauki haraka kwenye ile baridi, na sasa sikuthubutu kuweka joto lolote. Baadaye nyuzi zote zilikuwa zimelegea, nikazituni mara nne kabla hazijakubali kukaa. Kazi ilichukua majuma matatu. Ilipokwisha, nyuki alikuwa ameondoka. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijawahi kumwonyesha mteja.

Katika hayo majuma matatu Mwalimu alikwenda Nairobi kwa daktari. Aliporudi alinieleza kwa maneno machache, tukiwa tumesimama mlangoni mwa ukumbi. Ni ugonjwa wa neva. Umeanzia mkono wa kushoto na utapanda, na haurudi nyuma. Hakulia. Aliuliza kama piano iko tayari.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa nane dada alikuja na maikrofoni. Mwalimu alikaa, akavifungua vile vya haraka, akavipita bila kujaribu. Alifungua kimoja cha polepole. Alikicheza mara mbili. Mara ya kwanza mkono wa kushoto ulisimama njiani. Mara ya pili ulifika mwisho, na kwarara siku hiyo hawakuwepo, na dada aliinua kidole gumba. Kile ndicho cha mwisho kilichorekodiwa. Nimekisikiliza, na mahali pawili mkono wa kushoto unachelewa, lakini mtu asiyejua atafikiri ndivyo wimbo ulivyo.

Kisha akafungua cha polepole cha pili. Akaanza. Vidole viwili vya mwisho havikushuka kabisa. Alijaribu tena, akajaribu kuvisukuma kwa mkono wa kulia kama mtu anayepanga vijiko. Halafu akaacha, akakaa anatazama kitabu.

"Fundi," akasema, "ile Jumatatu ya mwezi wa saba. Usinisaidie sasa. Ilikuwa ni piano?"

Nikasema, "Hapana, Mwalimu."

"Ulikuwa umeona?"

"Nilikuwa nimeona."

Aliitikia kwa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mwalimu anayepata jibu alilotarajia kwa mwanafunzi. Akaanza kufungua kile kitabu ukurasa kwa ukurasa kwa mkono wake wa kulia, na nilidhani ameshamaliza kusema.

"Ungeniambia," akasema, "ningecheza vile vya polepole kwanza."

Mwezi wa saba mkono ule ulikuwa bado unaweza polepole. Vyote vinne ungeviweza, nina hakika karibu kabisa, kwa juma moja, baridi au hakuna baridi. Vya haraka vitano vingepotea hata hivyo, na hilo si kosa langu. Lakini vile vitatu vya polepole ni vyangu.

Dada wa studio alikuwa bado amevaa visikilizi vyake vya masikioni. Alikuwa amesikia yote kupitia maikrofoni, na mashine ilikuwa inaendelea. Akauliza kwa sauti ndogo afanye nini na hayo. Mwalimu akamwambia, "Iache ile ya kucheza, mama. Hii ya kuongea ifute." Akaifuta mbele yetu.

Halafu dada alijaribu, na sitaki mtu amdharau kwa hilo. Alisema, "Mwalimu, cheza tu mkono wa kulia, mimi ule wa kushoto nitaujenga kwa kompyuta. Hakuna mtu atajua. Hata waimbaji wangu wengine hawajui kuimba, na mbona watu wanalia wakiwasikia." Mwalimu alitabasamu. Alisema hiyo itakuwa nzuri, ila itakuwa ya dada na kompyuta, na yule Mfaransa hawajui hao. Mimi wakati ule nilitaka akubali. Bado kuna siku naona angekubali tu, na siku nyingine naona dada mwenyewe hangeipenda baadaye.

Ilipofika kuandika karatasi ya kuweka ndani ya kasha la diski, nilimwomba Mwalimu tuandike kwamba piano ilivunjwa na fundi. Nilikuwa nimeandika sentensi yenyewe kwenye daftari, nimeifuta na kuirudia mara nyingi. Aliisoma. Alirekebisha herufi moja kwa kalamu, kisha akakunja ile karatasi akaitia mfukoni mwa koti lake. Alisema anayesikiliza hana haja ya kujua nani alikosea, ana haja ya kujua kipi hakimo. Kwa hiyo neno vyote halikuandikwa popote. Yameandikwa majina ya vipande vilivyomo, na chini yake majina ya vinane ambavyo havimo. Basi.

Mwezi wa kumi alihamia kwa dada yake, upande wa Kiganjo, kwa sababu hakuweza tena kujivalisha. Nilikuwa nakwenda Alhamisi. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza nao. Dada yake alikuwa anatuacha barazani na kwenda kwa ng'ombe, na tulikuwa tunaongea habari za kawaida, bei ya mbao, wasichana aliowafundisha ambao sasa ni nyanya wenye wajukuu.

Alhamisi moja aliniambia nilete kitabu cha nne kutoka rafu. Akataka nimsomee majina ya vile vinane. Ni Kifaransa, na nilivyosoma alicheka mpaka akakohoa. Akanirekebisha jina la kwanza mpaka nikalipata, au karibu. Kisha akafunga macho akaanza kuuimba wimbo wenyewe bila maneno, kwa pua na koo, mkono wa kulia ukilala kwenye blanketi. Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nyembamba, lakini haikupotoka. Mapambo yote aliyaimba. Nilikuwa nikigeuza ukurasa aliponipa ishara kwa kidevu, ingawa sijui kusoma alama zile, na yeye hakuwa anatazama.

Ulipokwisha akasema, "Cha pili." Nikasoma jina. Akaimba. Tukaenda hivyo.

Simu yangu ilikuwa mfukoni. Inarekodi vizuri, mtoto wangu alinionyesha. Nilifikiri kuitoa. Nilifikiri hajaniomba, na mara ya mwisho nilipojiamulia kumsaidia bila kuulizwa nilifanya lile nililofanya. Kwa hiyo sikuitoa. Sijui kama ilikuwa heshima au ilikuwa woga, na nimekaa na hilo swali muda mrefu kuliko mengine.

Alipomaliza cha tano alikuwa amechoka sana, jasho limemtoka juu ya mdomo. Nilimfuta kwa leso. Aliniambia vitatu tutamaliza Alhamisi ijayo, nije mapema, kabla hajachoka na wageni.

Alhamisi iliyofuata alikuwa hospitali, na ile nyingine sauti ilikuwa imekwenda. Tulimzika kabla ya Krismasi. Dada wa studio aliweka spika barazani akacheza vile vilivyorekodiwa, tangu kitabu cha kwanza, na watu waliongea juu yake kama watu wanavyoongea matangani, na sikuwalaumu.

Vile vitano alivyoniimbia ninavikumbuka vipande vipande, kimoja karibu chote, na nikipiga randa huwa nakisikia kikianza. Vitatu vya mwisho sijui vinaendaje. Mtoto wangu ameniambia viko mtandaoni kwenye simu, wazungu kadhaa wamevicheza, ni kuandika jina tu. Jina ninaweza kuandika. Sijaandika.